MWENYEKITI WA FEDHA NA UBONGO WA MTOTO
(Somo la sayansi kwa Kiswahili, kutoka Kidato cha Tatu)

Katika toleo hili wenzangu wameandika juu ya methali, ngeli na ushairi. Mimi nimeombwa na chama chetu niandike somo la sayansi, tena kwa Kiswahili, ili tuiache ile tabia ya kudhani kwamba Kiswahili ni cha insha peke yake na Biolojia ni ya Kiingereza. Nimechagua jambo ambalo halimo katika silabasi yetu: kazi ya watu wanaosimamia fedha za hisani, na jinsi fedha hizo zinavyoweza kusafiri mpaka zikafika kwenye ubongo wa mtoto mgonjwa.

Najua kuna atakayeuliza, "Haya, na hayo yanatuhusu nini sisi wa Mfangano?" Yanatuhusu sana. Hapa kisiwani malaria tunaijua kama tunavyoijua omena. Degedege tunalijua. Kifafa, ambacho kwa Dholuo huitwa ndulme, tunakijua pia, ingawa hutajwa kwa sauti ya chini kana kwamba kikisikia jina lake kitabisha hodi. Mambo haya matatu yana uhusiano, na uhusiano huo haukujulikana kwa bahati. Kuna watu walilala macho wakiutafuta, na kuna watu waliolipa gharama ili wenzao walale macho.

1. MWENYEKITI WA BODI HUFANYA KAZI GANI?

Tuanze na tunayoyaona. Shule yetu ina bodi, na bodi ina mwenyekiti. Mwenyekiti huyo hafundishi Hesabu, hapiki githeri wala hapigi kengele. Wengi wetu humwona siku ya zawadi tu, amevaa koti, ameketi mbele. Kwa hivyo tunadhani kazi yake ni kuketi.

Kumbe kazi yake ni ngumu. Yeye na wenzake huamua pesa chache zilizopo ziende wapi: maabara au choo? Madawati au mwalimu wa ziada? Tena pesa si zake. Ni za wazazi na za serikali. Akizitumia vibaya, anayeumia ni mwanafunzi ambaye hakuwa katika mkutano.

Sasa chukua bodi hiyo uipe fedha za mtu aliyekwisha kufa, ambaye ameacha maandishi kwamba zitumike kutafuta elimu ya tiba. Marehemu hawezi kuulizwa tena. Wagonjwa watakaofaidika bado hawajazaliwa. Wasimamizi wa namna hiyo huitwa wadhamini, na mfuko wenyewe huitwa wakfu. Neno hili wakfu ni la zamani sana pwani yetu, ambako Waislamu wameweka mashamba na nyumba kuwa wakfu wa misikiti na madrasa kwa karne nyingi. Kwa hivyo wazo la kutoa mali ikaendelea kuzaa baada ya mwenyewe kufa halikuletwa kwetu na meli ya Mzungu.

2. MZEE WELLCOME NA WOSIA WAKE

Henry Wellcome alizaliwa mwaka 1853 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, katika nyumba ya magogo. Alipokuwa na umri wa miaka 16, yaani umri wangu huu, alikuwa akitangaza na kuuza wino wa ajabu usioonekana. Wino wenyewe ulikuwa maji ya limau! Ukiandika nayo karatasi inabaki nyeupe, ukiipasha moto maandishi yanatokea. Jaribu nyumbani.

Mwaka 1880 alifungua kampuni ya dawa mjini London pamoja na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs. Wakati huo dawa nyingi ziliuzwa kama unga au maji, na kipimo kilitegemea mkono wa muuzaji. Wao walisukuma sana uuzaji wa vidonge vilivyopimwa sawasawa, na mwaka 1884 wakavipa jina la Tabloid. Masanduku yao ya dawa yalibebwa na wasafiri wengi, akiwemo Stanley katika safari yake ya kupita Kongo hadi Afrika Mashariki.

Lakini Wellcome hakutosheka na duka. Mwaka 1894 alianzisha maabara ya utafiti, jambo ambalo wafanyabiashara wa dawa wa siku zile hawakulizoea. Alipofariki tarehe 25 Julai 1936 hakumwachia mtu mmoja kampuni yake. Wosia wake ulisema hisa zote zishikwe na wadhamini, na faida itumike kwa utafiti wa tiba na kwa historia ya tiba. Hivyo ndivyo Wakfu wa Wellcome ulivyozaliwa.

3. SIR HENRY DALE, MWENYEKITI MIAKA 22

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayetaka tumsome kwa makini. Henry Dale alizaliwa London mwaka 1875. Mwaka 1904 alipewa kazi katika maabara ya Wellcome. Baadhi ya marafiki zake walimwonya asiende, wakiona kwamba mwanasayansi wa kweli hafanyi kazi kwa muuza dawa. Akaenda.

Wellcome alimwomba achunguze kuvu fulani inayoota kwenye nafaka za Ulaya, ambayo wakunga wa huko waliitumia tangu zamani. Katika kuvu hiyo Dale na wenzake walikuta kemikali kadhaa zenye nguvu. Mojawapo ni asetilikolini. Mwaka 1914 Dale aliandika jinsi kemikali hiyo inavyofanya kazi mwilini, na akaona kitu cha kushangaza: inafanya mambo yale yale ambayo baadhi ya neva hufanya zinapochokozwa.

Hebu tuelewe swali lililokuwapo. Neva ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Lakini neva moja haijaungana kabisa na inayofuata. Kuna ufa mdogo sana katikati. Habari huuvukaje? Wengine walisema huruka kama cheche ya umeme. Wengine wakasema hapana, huvushwa na kemikali, kama abiria wa Mbita anavyovushwa na boti kuja Sena.

Mwaka 1921 Otto Loewi, huko Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Alichokoza neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayatia kwenye wa pili. Nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Kwa hivyo kulikuwa na kitu ndani ya maji.

Kupima kitu hicho kulikuwa kazi, maana ni kidogo mno na huharibika upesi. Msaada ulitoka kwa William Feldberg, mwanasayansi Myahudi aliyefukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933, wakati wa utawala wa Hitler. Dale alimpokea London. Feldberg alikuja na ujuzi wa kutumia msuli wa ruba, naam, ruba huyu huyu wa majini, kwa sababu msuli wake hukunjamana hata kwa asetilikolini kidogo sana. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba neva huzungumza na misuli kwa kemikali. Unaposoma ukurasa huu na kuufunua kwa kidole, ni asetilikolini inayovusha amri.

Mwaka 1936 Dale na Loewi walipewa Tuzo ya Nobeli. Ni mwaka ule ule aliofariki Wellcome. Dale akawa mmoja wa wadhamini wa kwanza wa wakfu, na kutoka mwaka 1938 hadi 1960 alikuwa mwenyekiti. Miaka 22!

Usidhani alikalia mlima wa pesa. Vita Kuu ya Pili ilikuja, kampuni ikadhoofika, na wakfu ulipata kidogo. Isitoshe, Wellcome alikuwa ameacha vitu vya makumbusho zaidi ya milioni moja, na vyote vilihitaji mahali pa kukaa na watu wa kuvitunza. Dale na wenzake walibidi kugawa kichache kwa uangalifu. Yeye aliujua utafiti kwa mikono yake mwenyewe. Alijua kwamba mtu aweza kuchunguza kuvu ya nafaka na kufikia siri ya neva. Mtu wa namna hiyo hamwambii mtafiti, "Niletee dawa kabla ya Krismasi." Anamuuliza, "Swali lako ni zuri? Utalifuata kwa uaminifu?"

4. MTU WA FEDHA NAYE ANA KAZI YAKE

Si kila mwenyekiti aliyefuata alikuwa mwanasayansi. Kutoka mwaka 1989 hadi 1999 mwenyekiti alikuwa Roger Gibbs, mtu wa masoko ya fedha ya London. Tatizo alilolikuta ni hili: karibu utajiri wote wa wakfu ulikuwa ndani ya kampuni moja. Ni kama familia yenye mtumbwi mmoja. Ukitoboka, watoto wote wamelala njaa.

Wadhamini walikuwa wameanza kuuza sehemu ya hisa mwaka 1986. Mwaka 1992, Gibbs akiwa mwenyekiti, waliuza nyingine na kupata zaidi ya pauni bilioni 2. Mwaka 1995 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Glaxo. Pesa zikatawanywa katika vitega uchumi vingi, na wakfu ukawa miongoni mwa mifuko mikubwa ya utafiti wa tiba duniani.

Ndiyo maana nasema kazi hii ina mikono miwili. Mkono mmoja hulinda mali isipungue, mkono wa pili huichagulia safari. Dale alikuwa hodari wa mkono wa pili, Gibbs wa mkono wa kwanza. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

5. KILIFI, MWAKA 1989

Sasa turudi nyumbani Kenya. Taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1989 KEMRI, Wakfu wa Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford walianza kazi ya pamoja katika Hospitali ya Wilaya ya Kilifi. Walianza wakiwa kikundi kidogo, wakiwemo Kevin Marsh na Norbert Peshu. Swali lao lilikuwa la karibu kabisa: kwa nini malaria humwacha mtoto huyu baada ya homa ya siku mbili, na mwenzake wa nyumba ya pili inamuua?

Tuielewe malaria ya ubongo. Vimelea viitwavyo Plasmodium falciparum huingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo hugeuka kuwa za kunata. Hushika kuta za mishipa midogo, na mishipa midogo mingi imo ubongoni. Damu inapita kwa shida. Ubongo unaweza kuvimba, na kwa kuwa fuvu ni gumu, hauna pa kukimbilia. Mwaka 2015 watafiti nchini Malawi walieleza walichoona baada ya kupiga picha za ubongo wa watoto wenye malaria ya namna hii: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo.

Mtoto huanza kutetemeka, macho yanageuka, anapoteza fahamu. Hilo ndilo degedege. Pwani jina lenyewe lilihusishwa na ndege, kwa imani kwamba pepo mfano wa ndege humshika mtoto, na mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza. Hata huku kwetu ziwani si wote wanaokimbilia zahanati.

Watafiti wa Kilifi walitazama watoto 1844 waliolazwa kwa malaria, na mwaka 1995 wakatangaza jambo linaloweza kutumiwa na muuguzi yeyote hata asipokuwa na mashine. Zaidi ya watoto 8 kati ya kila 10 waliofariki walikuwa na dalili moja au zote mbili kati ya hizi: fahamu kupungua, na kupumua kwa shida. Mzazi akiona mojawapo, asingoje asubuhi.

Kisha wakauliza swali ambalo wengi hulisahau: mtoto akipona, je, amepona kweli? Waliwafuata waliowahi kuugua, wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 9. Matokeo ya mwaka 2004 ni haya. Miongoni mwa watoto ambao hawakuwahi kuugua malaria kali, kama 2 kati ya 100 walikuwa na kifafa. Miongoni mwa waliopata malaria ya ubongo, kama 9 kati ya 100. Miongoni mwa waliopata malaria yenye degedege kali, zaidi ya 11 kati ya 100. Wengine walikuwa na shida ya kusema, kukumbuka au kujifunza. Yaani yule mtoto anayeitwa mjinga darasani huenda ana jeraha ambalo halionekani.

6. DAWA ILIYOTULIZA NA KUUA

Naomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha somo langu.

Fenobabitoni ni dawa ya zamani ya kuzuia degedege. Ni ya bei nafuu. Kwa akili ya kawaida, mtoto mwenye malaria ya ubongo akidungwa dozi kubwa ya fenobabitoni mapema, hatatetemeka, na ubongo wake utaokoka. Nani angepinga? Lakini watafiti wa Kilifi hawakuridhika na akili ya kawaida. Waliwagawa watoto 340 katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata fenobabitoni, la pili halikupata.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2000. Degedege lilipungua sana katika kundi la dawa. Lakini vifo je? Katika kundi lisilopewa walifariki watoto 14. Katika kundi la dawa walifariki 30. Dawa ilituliza mtetemeko, lakini kwa kipimo kile watoto wengi zaidi walikufa, hasa pale ilipokutana na dawa nyingine za usingizi zilizofanya kupumua kudhoofike.

Hebu fikiri wewe ndiwe mwenyekiti wa fedha, umeletewa ripoti hiyo. Umelipa miaka kadhaa, na hukupata dawa mpya. Umepata habari ya huzuni. Je, fedha zimepotea? La hasha! Bila utafiti huo madaktari wema, kwa nia njema kabisa, wangeendelea kutoa dozi ile, na hakuna ambaye angejua. Mfadhili anayetaka picha nzuri za kuweka kwenye kalenda hawezi kulipia kazi kama hii. Anayeweza ni yule anayeupenda ukweli kuliko makofi. Nadhani hicho ndicho kipimo cha mdhamini.

(Angalizo: Utafiti huu ulihusu dozi kubwa kwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Mtu mwenye kifafa anayemeza fenobabitoni kila siku kwa maagizo ya daktari asiache dawa yake. Kuiacha ghafla ni hatari.)

Kazi nyingine zilileta furaha. Kati ya mwaka 1993 na 1995 vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa Kilifi, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5425 katika nchi tisa za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, ulionyesha kwamba atesuneti huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Na tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya, katika kaunti yetu hii hii ya Homa Bay.

7. NA HAPA MFANGANO?

Watafiti waliwahi kupima damu za watu wa visiwa vyetu, Mfangano, Takawiri, Kibuogi na Ngodhe. Waligundua kwamba watu wengi hubeba vimelea vya malaria bila kuhisi homa. Mtu anavuta wavu, anacheka, anakula, kumbe mbu akimuuma anabeba ugonjwa mpaka kwa mtoto wa jirani. Kwa hivyo usiseme, "Mimi siugui, chandarua ni cha nini?"

Nami nina mtoto wa mama mdogo ambaye ana kifafa. Sitamtaja jina. Ana miaka 11, na kwa kurusha mawe majini yakaruka mara saba simwezi. Alipokuwa mdogo alilazwa kwa malaria na degedege. Baadaye akaanza kuanguka. Siku moja alianguka darasani, na watoto wakakimbia nje wakipiga kelele, wakiambiana kwamba ukigusa mate yake na wewe utaanguka. Tangu hapo haendi shule. Wazee wengine nyumbani wanasema ni laana ya ukoo, wengine wanasema atarudi shule akiacha kuanguka. Mimi nauliza, ataachaje kuanguka bila dawa? Mama mdogo ndiye anayenisikiliza. Nilipomsomea hesabu zile za Kilifi alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo si mimi niliyemkosea mtoto." Sikujua kwamba alikuwa amelibeba hilo miaka yote. Sasa wanakwenda kliniki, na anameza dawa. Vita vilivyobaki ni vya kumrudisha darasani.

Ndugu wanafunzi, kifafa hakiambukizi. Katika ubongo, seli huzungumza kwa zamu, kama wavuvi wanaovuta wavu: mmoja huongoza, wengine huitikia. Wakati wa kifafa seli nyingi hupiga kelele kwa pamoja, na mwili hauna amri ya kufuata. Mate hayana laana wala mdudu wa kifafa. Sababu ni nyingi: malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, minyoo ya tegu ya nguruwe inayofika ubongoni, na wakati mwingine urithi. Wagonjwa wengi wakipata dawa inayowafaa na kuimeza kila siku, huacha kuanguka.

Ukimwona mwenzako ameanguka, fanya hivi:
(a) Ondoa vitu vigumu na vyenye ncha. Mwekee kitu laini chini ya kichwa.
(b) Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni.
(c) Mtetemeko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke na apumue.
(d) Tazama saa. Ukizidi dakika tano, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, apelekwe hospitali haraka.
(e) Kaa naye mpaka azinduke. Usimcheke.

Na kwa sisi watu wa ziwa, mwenye kifafa asiogelee wala kuvua peke yake, na kwenye boti avae jaketi la kujiokoa. Nyumbani asilale karibu na moto. Hii ni tahadhari. Haina maana ya kumfungia nyumbani.

8. HOJA YA WAPINZANI

Katika mjadala wa chama chetu kuna aliyepinga kwa nguvu. Alisema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa nini ubongo wa mtoto wa Kenya uchunguzwe kwa fedha za wosia wa London? Wakichoka kesho je?" Alipigiwa makofi, na hata mimi nilimpigia.

Hoja yake ina uzito, na naijibu kwa mambo mawili. La kwanza, swali lina thamani kuliko pesa, na swali linaweza kuwa letu. Profesa Amina Abubakar, Mkenya, pamoja na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto kiitwacho Kipimo cha Kilifi, kilichotangazwa mwaka 2008. Vipimo vya Ulaya vilimwonyesha mtoto picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona, kisha vikasema hajui. Kipimo cha Kilifi hutumia vitu na michezo ambayo mtoto wa huku anaijua. Dakta Symon Kariuki, Mkenya pia, ameongoza tafiti nyingi za kifafa huko huko Kilifi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji naye awe ndani ya chumba cha uamuzi.

La pili, tunahitaji wadhamini wetu. Sisi Wakenya tunajua harambee. Tunachangia arusi, mazishi na karo. Hatujazoea kuchangia swali ambalo jibu lake litakuja baada ya miaka ishirini. Tukianza sasa, hata kwa kidogo, mwenyekiti wa wakfu wa utafiti wa ubongo aweza kutoka Sena, au Sindo, au Mbita. Tena aweza kuwa msichana.

9. HITIMISHO

Somo langu kwa ufupi ni hili. Wellcome alitafuta mali na akaitoa. Dale alijua thamani ya swali, akalilinda miaka 22. Gibbs aliilinda mali isizame. Watafiti na wauguzi wa Kilifi, pamoja na wazazi waliokubali watoto wao wachunguzwe, waliifanya kazi yenyewe. Ukiondoa mmoja, mnyororo unakatika. Subira huvuta heri, lakini heri hiyo haifiki kwa mtoto mpaka sisi wa mwisho tufanye sehemu yetu: kutandika chandarua, kukimbiza mtoto wa degedege zahanati, na kumpisha mwenye kifafa aketi kwenye dawati lake.

Wenzangu, muhula ujao kijana fulani mwenye kujua kurusha mawe huenda akarudi darasani katika shule moja ya hapa kisiwani. Akirudi, na wadogo zenu wakiwa darasa lake, tafadhali wafundisheni yale ya (a) hadi (e).

MSAMIATI
Wakfu: mali iliyotengwa kwa kazi ya hisani, isiyorithiwa na mtu.
Mdhamini: anayesimamia mali ya wakfu kwa niaba ya wengine.
Hisa: sehemu ya umiliki wa kampuni.
Kimelea: kiumbe kinachoishi ndani ya kingine na kukidhuru.
Bahati nasibu: kugawa bila upendeleo, kama kupiga kura ya vijiti.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Eleza kwa nini moyo wa pili wa chura ulipunguza mapigo ingawa neva yake haikuguswa.
2. Taja dalili mbili za hatari kwa mtoto mwenye malaria.
3. "Utafiti wa fenobabitoni ulikuwa hasara." Jadili.
4. Kwa nini kupima akili ya mtoto kwa picha za vitu asivyovijua si haki?
5. Ungekuwa mwenyekiti wa wakfu wa Mfangano, swali gani la kwanza ungelilipia? Andika insha ya ukurasa mmoja, uilete kwa katibu wa chama. Insha bora itasomwa mbele ya shule.